Barabara ya Kusini: Kutoka Dar es Salaam Mpaka Lindi



Leo hatutasoma habari za mfalme wala za vita moja. Tutasoma habari za barabara. Huenda mmoja wenu anauliza, "Je, barabara nayo ina historia?" Ndiyo, ndugu yangu, inayo. Barabara huonyesha nani alikuwa na nguvu katika nchi, alitaka kitu gani, na nani alichukua mzigo. Kwa hiyo, tutakapokuwa tukisoma, nataka mjiulize swali moja kila mara: Barabara hii ilikuwa ya nani? Liandikeni swali hilo juu ya ukurasa katika madaftari yenu.

Sasa, chukueni ramani ya Tanzania. Kama hamna ramani, mwalimu wenu wa darasa atachora ubaoni mstari wa pwani kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara. Bahari iko mashariki. Sisi tunakwenda kusini, kwa hiyo bahari itakuwa mkono wetu wa kushoto safari nzima.

Tunatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa. Tunapita Mbagala, kisha Kongowe, kisha Vikindu, hata tunafika Mkuranga. Huku ni nchi ya minazi, mikorosho, mihogo na mananasi. Tunaendelea mpaka Kibiti, yapata kilometa 140 kutoka mjini. Baada ya Kibiti tunafika Ikwiriri. Hapo nchi inaanza kuwa tambarare, maana tunakaribia mto mkubwa, Mto Rufiji.

Tukivuka Rufiji tunafika upande wa Ndundu, na tunakwenda mpaka Somanga, karibu na bahari. Mbele kidogo ni Nangurukuru. Pale kuna njia panda. Ukishika kushoto unakwenda Kilwa, na ukienda moja kwa moja unaelekea Lindi. Tunapita Kiranjeranje, tunavuka Mto Mbwemkuru, tunapita Mchinga, halafu tunaingia Lindi. Safari yote ni yapata kilometa 450. Kupita Lindi kuna njia panda nyingine, pale Mingoyo. Njia moja inakwenda Mikindani na Mtwara, na nyingine inapanda kwenda Ndanda na Masasi.

Hiyo ndiyo njia yenyewe. Wekeni alama ya kalamu pale penye Mto Rufiji, kwa sababu tutarudi hapo mara nyingi.

Basi, tuanze zamani. Zamani sana watu wa pwani hawakuhitaji barabara ndefu ya nchi kavu. Barabara yao kuu ilikuwa bahari. Majahazi yalikwenda kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi. Mji wa Kilwa Kisiwani ulitajirika kwa njia hiyo. Dhahabu ilitoka Sofala, ambako leo ni Msumbiji, ikapita Kilwa kwenda nchi za mbali. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji ule. Yeye naye alifika kwa chombo cha bahari.

Miaka mingi baadaye, katika karne ya 19, mji uliokuwa na nguvu ulikuwa Kilwa Kivinje, upande wa bara. Misafara mirefu ilitoka Ziwa Nyasa mpaka Kilwa Kivinje. Ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu walioshikwa utumwani. Kutoka Kilwa watu hao walipakiwa katika majahazi na kupelekwa Unguja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo njia yetu inapoanza kutajwa sana. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Je, biashara ile ilikwisha siku hiyo? La. Mwaka 1872 dhoruba kubwa ilikuwa imevunja mikarafuu ya Unguja. Mashamba ya karafuu ya Pemba yakapata thamani zaidi, na wenye mashamba wakataka watu wengi wa kufanya kazi. Bahari ilikuwa ikilindwa na manowari za Kiingereza. Basi wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Waliwaongoza watumwa kwa miguu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa kufuata pwani, wakivuka Rufiji, wakipita karibu na Dar es Salaam, mpaka Pangani na sehemu nyingine ambazo zinatazamana na Unguja na Pemba.

Afisa mmoja wa ubalozi wa Uingereza huko Zanzibar, jina lake James Frederic Elton, alipita njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa mwaka 1874. Alihesabu watumwa waliopitishwa. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu zaidi ya watu 4,000.

Tusiipite hesabu hiyo upesi. Watu 4,000 katika mwezi mmoja ni zaidi ya watu 130 kila siku. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu, au baba wa mtu, au mama wa mtu. Majina yao hayakuandikwa. Wewe unayepanda basi Mbagala leo kwenda Kilwa unapita sehemu zile zile walizopita wao, lakini wao walikuwa wanakuja huku, na hawakurudi. Mwaka 1876 Sultani Barghash alikataza pia misafara ya watumwa ya nchi kavu, ingawa biashara ya siri iliendelea kwa muda.

Sasa jibuni swali letu. Wakati huo njia hii ilikuwa ya nani? Wengi waliopita juu yake hawakuwa na amri hata juu ya miguu yao wenyewe.

Tuendelee. Baada ya Waarabu wa Zanzibar walikuja Wajerumani. Watu wa Kilwa hawakuwapokea kwa mikono miwili. Hassan bin Omari, ambaye tunamjua kwa jina la Makunganya, aliwapinga, naye akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Baadaye Wajerumani waliwalazimisha wenyeji kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Watu waliacha mashamba yao ya chakula, wakafanya kazi chini ya maakida, wakapata malipo madogo sana au wasipate kitu. Juu ya hayo walidaiwa kodi, na walishikwa kwa kazi nyingine za nguvu.

Mwezi Julai mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi, magharibi ya barabara yetu, watu wa Nandete waling'oa pamba. Ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza. Siku chache baadaye wapiganaji walishuka mpaka pwani ya Samanga, wakashambulia mashamba ya pamba na duka za huko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akiwapa watu dawa ya maji na neno la kuungana, alishikwa na Wajerumani. Alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Mohoro iko kusini ya Rufiji, si mbali na barabara yetu. Vita vilienea kusini yote. Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wataalamu wa historia wengi hukadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 200,000 na 300,000.

Kabla ya miaka kumi kupita, vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi isiyokuwa yao. Mwaka 1916 na mwaka 1917 majeshi yalikuwa Kilwa, Rufiji na Lindi. Katika Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Sasa fikirini: hapakuwa na barabara ya magari inayofaa, na mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno. Chakula na risasi vilipita vipi? Vilipita juu ya vichwa vya wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara, na homa. Nchi isipokuwa na barabara, shingo ya mtu hufanywa barabara.

Baada ya vita Waingereza walitawala. Je, wao walifanya nini juu ya njia ya kusini? Walitumia njia za udongo, ambazo kiangazi gari lilipita na masika halikupita. Kisha, mwaka 1947, ulianza mpango mkubwa wa karanga. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya Vita Kuu vya Pili. Walichagua kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari mpya ya Mtwara na reli ya kuingia bara. Lakini mashine ziliharibika, mvua haikuja kama walivyotazamia, na udongo ulikuwa mgumu. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimepotea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kuachwa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kuna jambo la kujifunza hapo. Reli ile ilielekea wapi? Ilitoka shambani ikaenda baharini, ili karanga ziende Ulaya. Haikuwaunganisha watu wa Lindi na watu wa Rufiji, wala watu wa Masasi na Dar es Salaam. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mali ya mgeni hufa mali hiyo inapokwisha.

Basi tukapata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Nchi ilikuwa yetu. Lakini barabara ya kusini ilikuwa bado ni ya mwenye nguvu mwingine. Mnamjua? Tazameni ile alama mliyoiweka katika ramani. Ni Mto Rufiji.

Rufiji si mto wa Ikwiriri peke yake. Maji yake yanatoka mbali: nyanda za juu za Mbeya na Iringa, bonde la Kilombero, hata sehemu za Songea. Kwa hiyo mtu wa Ikwiriri anaweza kuona anga jeupe, bila wingu, na huku mto unajaa. Mafuriko hayo huleta udongo mzuri wa mpunga, ndiyo sababu wazee wa Rufiji walilima bondeni tangu zamani. Lakini mafuriko hayo hayo hufunika njia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda kwenye nchi ya juu, na vijiji vya kando ya barabara vikakua.

Kuvuka mto kulikuwa kwa pantoni, pale Ndundu. Pantoni ni chombo kipana, chenye sakafu bapa, cha kuvushia watu na magari. Pantoni ikiharibika, magari hungoja. Mto ukijaa, magari hungoja. Mwenye magunia ya korosho alingoja, na mwenye mgonjwa alingoja pia. Mvua kubwa zilipokuja, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Mtu aliyetaka kwenda Dar es Salaam alitafuta meli, au ndege kama alikuwa na fedha. Bei ya sukari na ya mafuta ya taa ilipanda, na bei ya mazao ya mkulima ilishuka, kwa kuwa lori la kuyachukua halikuweza kufika. Hivyo mkulima wa kusini aliumia mara mbili: aliponunua na alipouza.

Hali hiyo ilikaa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa Lindi mwaka 1961 alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na mto ulikuwa bado unavukwa kwa pantoni.

Mwaka 2003 daraja lilifunguliwa. Linaitwa Daraja la Mkapa, kwa jina la Benjamin William Mkapa, aliyekuwa Rais wakati huo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Lupaso, wilaya ya Masasi. Daraja lina urefu wa meta 970. Mtu akilivuka kwa miguu, akienda mwendo wa kawaida, atatumia zaidi ya dakika kumi. Pande zote mbili barabara imeinuliwa juu ya tuta, yaani udongo ulioshindiliwa, ili gari lipite juu ya nchi ya mafuriko.

Je, kazi ilikwisha? Bado. Daraja ni mlango, lakini mlango bila ua ulio safi haumfikishi mgeni ndani. Vipande vingine vya barabara vilitiwa lami kimoja baada ya kingine katika miaka ya 2000. Lakini kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilometa 60, kilibaki cha udongo kwa miaka mingi. Masika malori yalizama matopeni, na abiria walilala njiani. Wengi walisema kwamba safari nzima ni hizo kilometa 60. Kipande hicho kilikamilika katikati ya miaka ya 2010, na hapo ndipo mtu alipoweza kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi juu ya lami tupu, kwa mchana mmoja.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Korosho, ufuta, na samaki hupita. Mwanafunzi hutoka Kilwa asubuhi akawa Dar es Salaam mchana. Mgonjwa wa hospitali ya mkoa aliyeandikiwa kwenda Muhimbili hupelekwa siku ile ile.

Lakini maji hayakusahau njia yao. Katika Aprili 2024 Rufiji ilifurika, ikaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mapema mwezi Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani yetu na mvua kubwa. Katika wilaya ya Kilwa, karibu na Somanga na sehemu nyingine, maji yalikata barabara na kubeba matuta. Magari yalisimama pande zote mbili kwa siku kadhaa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikakatwa na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Wazee walisema, "Tumerudi kulekule."

Kwa nini ilikuwa hivyo, na lami ipo? Sikilizeni, hili ni jambo la kazi. Barabara ya tuta ni kama ukuta uliolala. Maji yatokayo milimani kwenda baharini yanakuta ukuta huo. Lazima yaachiwe tundu la kupita, ama daraja, ama karavati. Karavati ni njia ya saruji ya kupitisha maji chini ya barabara. Tundu likiwa dogo kuliko mvua, au likizibwa na mchanga, magogo na takataka, maji hupanda juu. Kisha huanza kula udongo wa kando. Lami haiumi maji; lami ni ngozi tu. Udongo wa chini ukichukuliwa, ngozi hubaki inaning'inia, halafu huanguka.

Kwa hiyo kazi ya barabara ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya Serikali na mafundi wake: kupima mto, kujenga daraja la kutosha, kukagua kila mwaka. Yatupasa kuwadai kazi hiyo, kwa kuwa fedha yake ni kodi yetu. Sehemu ya pili ni yetu tunaokaa kando ya barabara: tusizibe mitaro kwa takataka, tusilime ukingoni mwa tuta, tusichimbe mchanga karibu na nguzo za daraja, na tukiona karavati limeanza kuliwa, twende tukatoe habari mapema katika ofisi ya kijiji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nadhani ilimjua mtengeneza barabara.

Sasa turudi kwa swali letu la kwanza: barabara hii ilikuwa ya nani? Wakati wa misafara ilikuwa ya mfanyabiashara wa watu. Wakati wa Majimaji na wa vita ilikuwa ya askari na bwana wao. Kisha kwa miaka mingi ilikuwa ya mto. Leo ni yetu. Lakini kitu huwa chako kwa kukitunza, na barabara isiyotunzwa mto huidai irudi kwake.

Siku moja mkisafiri kwenda kusini, mkifika juu ya daraja la Rufiji, tazameni chini kidogo. Kumbukeni wale zaidi ya 4,000 wa mwezi ule mmoja, ambao walivuka mto ule wakiwa wamefungwa. Ninyi mnavuka mkiwa na tikiti mfukoni, na mkitaka, mtarudi nyumbani.

Maswali ya kujibu katika darasa:

1. Taja miji na vijiji sita katika barabara ya Dar es Salaam mpaka Lindi, kwa kufuata utaratibu wake.
2. Kwa nini watumwa walianza kupitishwa nchi kavu baada ya mwaka 1873?
3. Reli ya Nachingwea ilijengwa kwa faida ya nani? Eleza kwa sentensi tatu.
4. Eleza kazi ya karavati kwa mtu ambaye hajaliona.
5. Ulizeni mzee mmoja wa kwenu: kabla ya barabara mnayoitumia leo, watu walipita wapi, na nani aliijenga? Andikeni majibu yake, mje nayo darasani.